Nimeichonga Upya Bastola ya Binti Yangu Mara Nne, na Bado Anakosa

Shangazi Verna, salamu kutoka huku juu ya kijito. Kabla hujanicheka naomba usome mpaka mwisho, maana mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mke wangu Joleen ndiye msomaji wako wa kila Alhamisi, na ndiye aliyenisukumia karatasi hii asubuhi akasema, "Mwandikie Verna, mimi nimechoka kuwa ukuta wa kulalamikiwa," kwa hiyo naandika, na ninaomba sana jina langu lisitokee.

Nina miaka arobaini na minne, nafuga ng'ombe palepale alipofuga baba yangu Halvor, na nina watoto wawili, Wade wa miaka kumi na sita na Britta aliyetimiza kumi mwezi wa Aprili. Kwetu mtoto akitimiza kumi anapewa bastola ya risasi ndogo, ile ya ishirini na mbili, yenye ngoma inayozunguka ya matundu sita, awe wa kiume awe wa kike, na ninajua nusu ya wasomaji wako wamelelewa hivyohivyo kwa hiyo sielezi zaidi. Ila kwetu kuna nyongeza, mpini haununuliwi. Mti lazima utoke kwenye ardhi yetu, mzazi auchonge kwa mkono wake, na kipimo tunakichukua kwa donge la unga wa mkate, mama analikanda, mtoto analibana kama anavyoshika silaha, linaachwa likauke, halafu unachonga ukifuata alama za vidole vile. Mtoto akikua anachongewa mpini mkubwa, na ule mdogo unagongelewa ukutani karibu na mlango wa jikoni. Wangu upo pale, na wa baba, na wa Wade.

Kuichagua bastola yenyewe kulinichanganya wiki tatu nzima. Bwana Pruitt, fundi wetu wa silaha, alinipangia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyepesi ya mtutu mfupi, nikaikataa, maana bastola fupi mkono wa mtoto ukigeuka kidogo tu mdomo wake umeshamwelekea mtu. Ya pili ilikuwa ndefu, baba akaipenda, akasema, "Hii ndiyo bastola, hizo nyingine ni za kufungulia chupa," lakini Britta alipoinyosha ikamshinda uzito, ikawa inaangalia viatu vyake. Ya tatu ilikuwa ya katikati, ya mtindo wa zamani, ambayo kila risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba ndipo ufyatue, haiendi mfululizo, na mimi nataka mtoto afikiri kabla ya kila risasi, kwa hiyo nikachukua hiyo. Pruitt, ambaye nyumbani tunamwita Chupa Mbili kwa ajili ya miwani yake, akaniambia, "Umechagua vizuri. Sasa iache hivyo ilivyo, umwache mtoto apige." Hilo la kuiacha ndilo lililonishinda.

Nikakata tawi la mti wa plamu uliokufa kwa baridi nyuma ya nyumba, nikachonga mpini wa kwanza, ukatoka mzuri mpaka Joleen akauchukua akaenda nao jikoni kuuangalia. Siku ya kwanza tukaenda kwenye ukingo wa udongo kule malishoni kwa baba, ambako tumetundika sahani tano za chuma, hatua kumi na tano kutoka tunaposimama. Kila kitu alikifanya nilivyomfundisha, mdomo wa bastola chini, kidole nje mpaka uwe tayari, risasi tano tu na tundu la sita tupu chini ya nyundo kama babu zetu walivyojaza. Akapiga tano, zote udongoni.

"Unaionaje?" nikamuuliza.

"Nzuri, Baba."

"Ya mwisho imepiga wapi?"

"Sijui. Imelia?"

Haikulia. Nikasema mpini ni mnene, nikarudi kuupiga msasa wiki nzima, ukawa mwembamba, akakosa. Nikasema nyundo ni ngumu kwa kidole chake, Pruitt akanibadilishia springi akaweka laini, ikawa inavutika vizuri ila risasi nyingine zinakataa kulipuka, tukarudisha ya zamani, akakosa. Nikachonga mpini wa pili, wenye kijishimo cha kulaza kidole gumba, akakosa, ila mara moja akapata sahani ya kwanza na akaruka kama mbuzi. Nikasema basi ni kile kinundu cha mbele cha kulengea, nikakipiga tupa, nikakipaka rangi nyekundu ya kucha za Joleen. Britta akaniuliza kama naweza kupaka rangi inayong'aa zaidi, nikapaka nyeupe, halafu akaniuliza kama na sahani zenyewe zinaweza kupakwa nyeupe, nikamwambia mwanangu, tukipaka dunia yote nyeupe hatutajua tumepiga nini. Akacheka, akakosa.

Nikwambie, Shangazi, hii kazi ya tupa nayo imenichosha siku hizi, taa ya bandani mwangu imefifia mpaka nimejikata kidole gumba mara mbili, na hawa watengenezaji wa risasi wameamua kuandika maandishi madogo kama mayai ya chawa, Joleen ndiye ananisomea maboksi. Hata sasa nakuandikia mezani saa sita mchana na bado mwanga hautoshi, ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa, uniwie radhi kwa kumaliza karatasi.

Kinachonikanganya ni kwamba kulenga kuko katika damu yetu. Baba ana miaka themanini na moja na anahesabu swala kwenye mgongo wa kilima kabla mimi sijajua kama kuna swala. Katika ukoo wetu hajawahi kuzaliwa mvaa miwani, na baba huwa anasema hivyo mezani kila tukila na wageni. Wade alipewa bastola Jumamosi, Jumapili akawa anaangusha makopo. Kwa hiyo kama damu ni ileile, kasoro iko kwenye chuma au kwenye mpini, au sivyo? Baba anasema sivyo, anasema, "Wengine hawana, mwanangu, usilazimishe maji kupanda mlima." Joleen naye anasema, "Wewe unaiuliza bastola kila siku, mtoto humuulizi." Mimi namuuliza, Shangazi. Namuuliza kila siku bastola ikoje na kila siku ananiambia ni nzuri.

Sasa nifike kwenye lililotokea. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kule malishoni, mimi na yeye na baba aliyekaa kwenye pikapu yake, na Britta amesimama tayari, nyundo ameshaivuta, nikamwona Biscuit, mbwa wa jirani, yule wa kahawia, anajikokota taratibu nyuma ya sahani akinusanusa. Nikangoja Britta ateremshe silaha mwenyewe, maana hilo ndilo nililomfundisha kabla ya yote, kikipita chochote chenye uhai unaacha. Hakuteremsha. Nikapiga kelele "Acha," na papo hapo akaishusha, akairudisha nyundo polepole kama inavyotakiwa, akaiweka mezani akarudi nyuma hatua mbili. Hapo alifanya sawa. Nikamwambia, "Hukumwona Biscuit?"

Akasema, "Nilidhani ni gugu kavu linabingirika."

Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi, Shangazi. Gugu gani linabingirika bila upepo, tena lina mkia? Nikaona ananifanyia mzaha kwenye jambo la kufa na kupona, nikamgombeza vibaya, mbele ya babu yake, nikamwambia mtu asiyejali anachokilenga hastahili kushika hata manati. Bastola nikaifungia kwenye kasha la chuma, na ufunguo huwa ninauvaa shingoni, na nikasema nitampa Trygve, mtoto wa dada yangu, atakayetimiza kumi vuli hii.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nilidhani atafurahi kutuliwa mzigo. Badala yake alilia siku mbili, hakula hata mikate ya viazi ya mama yake ambayo huwa tunamnyang'anya. Kama haipendi, analilia nini? Na kama anaipenda, mbona hakazani? Wahenga wanasema mtoto akililia wembe mpe, lakini huu ni wembe wa kweli.

Na si bastola tu, nahisi mtoto ananibadilikia kwa kila kitu. Mwalimu wake ameandika kwamba anaangalizia kwenye daftari la mwenzake, binti yangu, ambaye hajawahi kuiba hata sukari. Baba naye amenuna, anasema wakipishana barabarani, yeye kwenye pikapu yake na Britta kwenye farasi wake, anainua kidole kwenye usukani kumsalimu kama tunavyosalimiana wote, na mtoto anapita kama hakuna mtu. "Amejifunza maringo wapi?" ananiuliza, mimi najibu nini? Mwezi ujao klabu yetu ya shabaha ina siku yake kubwa, ile tunayovaa kofia na mabuti ya kizamani na kila mtu anajitungia jina, Britta amejiita Bibi Radi na baba ameshawaambia watu wote kuwa vizazi vitatu vitasimama mstari mmoja. Kwa klabu Britta ni wa kwanza kujitolea, anatembea hadi kwenye sahani, anazipaka rangi, anazipangusa, anazihesabu kwa mkono, halafu ikifika zamu ya kupiga tumbo linamuuma.

Nieleze basi, Shangazi. Nimchongee mpini wa tatu? Nimnunulie ile ndefu ya baba? Nimpe Trygve, yaishe? Au ni kweli binti yangu hajali, na mimi nimeshindwa kumlea kuwa mtu unayeweza kumpa kitu cha hatari na ukalala? Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, hayo mengine nimeyaandika ili kulifikia.

Ni mimi,
Baba Mwenye Tupa

* * *

Ndugu yangu wa juu ya kijito,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umemtaja mkeo, wanao, baba yako, fundi wako na mbwa wa jirani, kwa hiyo sijui hapo tumemficha nani.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Umeniuliza habari za mpini, springi, mtutu na kinundu cha kulengea, na nakiri kwamba bastola uliichagua kwa akili na ukaichonga kwa mapenzi. Bastola haina kasoro. Binti yako haoni.

Kaa chini kama umesimama. Haoni mbali. Hajui risasi imepiga wapi, ndiyo maana anakuuliza kama imelia, anapiga kwa kusikiliza. Anataka sahani nyeupe kwa sababu ya kahawia kwenye udongo wa kahawia kwake haipo. Anapenda kuzipaka na kuzihesabu kwa mkono kwa sababu akizigusa anajua ziko wapi, halafu anarudi kwenye mstari na kulenga kwa kumbukumbu. Haangalizii kwa mwenzake kwa wizi, ubaoni haoni kitu, daftari la jirani ndilo ubao wake. Na babu yake hajafanyiwa maringo na mtu. Kidole kimoja juu ya usukani, kutoka upande wa pili wa barabara, mtoto huyo angekionaje?

Na Biscuit. Alikwambia ukweli mtupu, aliona kitu cha kahawia kinasogea, na huku kwetu kitu cha kahawia kinachosogea ni gugu kavu linalosukumwa na upepo. Ulimuuliza swali, akakujibu kwa uaminifu, ukamwita asiyejali mbele ya babu yake. Na mimi nitakugombeza kidogo mbele ya wilaya nzima, ili tuwe sawa.

Niliendesha basi la shule miaka ishirini na sita kabla ya kupewa ukurasa huu, kwa hiyo usidhani naagua. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa anasimama njiani na kupungia mkono kila gari kubwa, hata la kubeba majani ya ng'ombe, mpaka watu wakamwona ni mpumbavu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alikuwa anapungia kwa sababu hakujua lipi ni basi. Ilichukua majira mawili ya baridi kabla mtu mzima yeyote hajafikiri kumpima macho. Sijajisamehe, na sitaki na wewe uwe na lako la kutojisamehe.

Unauliza kwa nini hakusema. Ndugu yangu, angesema kwa nani? Mezani kwenu babu anatangaza kwa wageni kwamba katika ukoo wenu hajazaliwa mvaa miwani. Mtu pekee anayemjua mwenye miwani minene mmempa jina la chupa, na mnalicheka mtoto akiwepo, tena mtoto mwenyewe amelicheka pamoja nanyi, nakuapia. Mtoto wa miaka kumi anajua kujumlisha. Amejumlisha akaona kwamba akisema haoni, si wenu. Basi akaamua heri aonekane hana shabaha, heri aonekane mvivu, na mwisho heri aonekane hajali, kuliko aonekane ametoka nje ya ukoo.

Na unauliza alilia nini. Wiki baada ya wiki alikuona unaingia bandani na kutoka na mpini mpya, kidole kimefungwa kitambaa, kwa kosa alilojua si la mpini. Kila ulipomuuliza alikwambia bastola ni nzuri, na ndivyo ilivyokuwa, ndicho kipande pekee cha ukweli alichoweza kukupa. Halafu kitu ulichomtengenezea kwa donge la mkono wake mwenyewe ukasema utampa Trygve. Mimi ningelia siku nne.

Sasa sikiliza ya kufanya, na usiyapige tupa.

Bastola ikae kwenye kasha, ufunguo ukae shingoni mwako, na hapo tu ndipo ninapokusifu bila nyongeza. Isiguswe na Britta mpaka atakaposimama pale malishoni akakutajia kila kilichoko kwenye ukingo ule, mbwa, ndege, kopo, bila kukisia. Hiyo si adhabu, na umwambie hivyo kwa maneno hayo. Asiyeona mbwa hapewi silaha, awe na miaka kumi au themanini na moja. Siku ya klabu mwezi ujao Bibi Radi atapaka sahani na kuhesabu pointi, na baba yako akiuliza vizazi vitatu viko wapi, mjibu kwamba cha tatu kinapimwa macho. Akinung'unika mpe gazeti hili.

Trygve atafutiwe yake. Ana wazazi, na mashamba yao yana miti.

Umwombe mtoto radhi. Usimwombe ukiwa unachonga, wala ukiwa unaendesha gari unaangalia barabara, wala kwa kupitia Joleen. Ulimgombeza mbele ya babu yake, basi na radhi iwe mbele ya babu yake. Sema, "Ulinijibu ukweli nikakuita mzembe. Nilikosa mimi." Halafu nyamaza, najua litakuwa gumu kwako.

Hilo jina la Pruitt liishe leo. Na mumwalike kula, tena aje na miwani yake, na babu asiseme ule msemo wake hata kama mkate utamkwama kooni.

Baada ya hapo, mtoto akishaona, muulize swali ambalo kwa barua yako yote ndefu hujawahi kumuuliza. Humuulizi bastola ikoje. Unamuuliza, "Britta, unapenda kupiga shabaha?" Akisema ndiyo, mchongee mpini wa tatu. Akisema hapana, mpini ugongelewe ukutani pamoja na mingine, maana umechongwa kwa kipimo cha mkono wake na ana haki ya ukuta ule kama Wade, na mtafute kitu kingine cha kufanya pamoja Jumapili. Sitashangaa akisema hapana. Sitashangaa pia akisema ndiyo, mtoto aliyerukaruka kama mbuzi kwa sahani moja aliyoisikia, ngoja azione tano.

Na swali lako la mwisho, lile linalokuuma. Uliposema "acha," binti yako aliishusha silaha papo hapo, akarudisha nyundo polepole, akaiweka, akarudi nyuma. Haoni, anaogopa, ana aibu, na bado alifanya yote. Nimewaona wanaume wa miaka hamsini, wenye macho ya mwewe, wasiofanya nusu yake. Hukushindwa kumlea.

Limebaki moja, nililiacha makusudi kwa sababu ungelisoma mwanzoni ungekasirika usifike mwisho. Nyani haoni kundule. Taa ya bandani haijafifia, ndugu yangu. Maandishi ya maboksi ni yaleyale ya tangu zamani. Umeniletea karatasi tisa zenye herufi za ukubwa wa kwato, ulizoandika saa sita mchana mwezi wa sita, ukilalamikia mwanga. Na kile kinundu cha kulengea alichokitazama mtoto muda wote huu kilipigwa tupa na mtu asiyekiona.

Kwa hiyo usimpeleke Britta kwa daktari wa macho. Nenda naye. Kuna tofauti. Yeye anaamini miwani ni mlango wa kutokea kwenye ukoo, na hakuna maneno yako wala yangu yatakayomtoa imani hiyo. Atakutazama wewe. Nimempigia simu daktari kule mjini, Jumatatu saa nne asubuhi, nimeweka nafasi mbili. Ya kwanza ni yako.

Verna